Ngome za udongo: kutoka Dodoma hadi Kalenga na Kwihara

Ukitaja ngome, akili ya wengi inakimbilia pwani: Ngome Kongwe ya Zanzibar, Gereza la Kilwa Kisiwani, Fort Jesus ya Mombasa. Kule kuta ni za matumbawe na chokaa, zimesimama karne na karne, na mgeni hahitaji kuelekezwa pa kutazama. Huku bara hali ni nyingine. Ngome zetu zilijengwa kwa udongo, miti na mawe, na udongo ukikosa paa unarudi ardhini. Ndiyo maana watu wanafika Kalenga, wanatazama kulia na kushoto, wanauliza ngome yenyewe iko wapi, halafu wanapanda gari na kuondoka. Ngome ipo, ila inataka jicho lililoandaliwa, na mtu wa Dodoma anaweza kuliandaa hapa hapa nyumbani.

Kabla ya kukata tiketi, tafuta tembe la Wagogo, yaani nyumba yao ya jadi ya udongo yenye paa bapa. Yamepungua sana kwa sababu ya bati, lakini ukiuliza vijijini utaelekezwa. Piga hodi, salimia "mbukwenyi", omba ruhusa kwa wenyewe kwanza, kisha ndiyo utoe simu ya kupigia picha. Zunguka nje polepole. Utaona nyumba ndefu, nyembamba na fupi kwa kimo, zimeungana kuzunguka ua. Ukuta wa nje hauna madirisha, pengine vitundu tu vya kupitishia hewa, na milango inafunguka uani ambako ng'ombe wanalala. Adui au fisi akija usiku anakutana na ukuta mtupu. Ulinzi wote wa tembe uko kwenye mpangilio huo.

Ingia ndani utazame paa, maana hapo ndipo siri ya majengo haya yote ilipo. Chini kuna nguzo zenye panda. Kwenye panda zimelala boriti, juu ya boriti fito zilizobanana, juu ya fito nyasi au matawi, na mwisho udongo uliokandikwa ukashindiliwa. Paa bapa la namna hii linawezekana kwa sababu Dodoma haina mvua nyingi: ni kama nusu mita kwa mwaka, nayo inanyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili. Kazi kubwa ya mwenye tembe ni kuziba nyufa za paa kabla ya Desemba. Asipoziba, maji yanazama, udongo unalowa na kuwa mzito mno. Wakati huo mchwa wameshakula kitako cha nguzo mbili tatu. Nguzo inadidimia, paa linabonyea, maji yanatuama kwenye bonde hilo, na mvua kubwa inayofuata inaliangusha. Ukuta ukishavuliwa paa unayeyuka kutoka juu, na chini unalika kwa matone yanayoruka kutoka ardhini. Baada ya misimu michache linabaki tuta refu lenye kona. Kariri umbo la tuta hilo, kwa sababu ndilo utakalolitafuta Kalenga.

Kalenga iko kama kilomita 15 kutoka Iringa mjini, kando ya mto Ruaha Mdogo. Hapa ndipo Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alipokuwa na makao yake makuu, akayazungushia ukuta wa mawe na udongo ulioitwa Lipuli. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walikuwa wameangamiza kikosi cha Wajerumani cha Emil von Zelewski kule Lugalo, na yeye mwenyewe aliuawa hapo. Wajerumani wakarudi miaka mitatu baadaye na mizinga. Ukuta wa Kalenga uliweza kuzuia mikuki na bunduki za wakati ule, lakini kwa makombora yanayopita juu na kuangukia ndani haukuwa na jibu. Ngome ilianguka tarehe 30 Oktoba 1894. Mkwawa hakukamatwa. Alipigana porini mpaka Julai 1898, akajiua kwa risasi Mlambalasi akikataa kuchukuliwa hai.

Sasa safari yenyewe. Mabasi ya Iringa yanaondoka stendi kuu ya Nanenane, barabara ni ya lami kupitia Mtera, na mwendo ni kama saa nne hadi tano. Usijaribu kwenda na kurudi siku moja. Tatizo kubwa kuliko uchovu ni jua: ukitoka Dodoma alfajiri utafika Kalenga mchana, jua likiwa utosini, na wakati huo tuta halina kivuli. Ardhi yote itaonekana sawa. Lala Iringa, na asubuhi panda daladala la Kalenga uwe umefika mapema. Jua la pembeni, kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni, ndilo linalochora kila mwinuko. Tafuta mawe yaliyojipanga mstari mahali ambapo mawe mengine yametawanyika ovyo. Tazama pia majani: juu ya mabaki ya ukuta huota tofauti na ya pembeni, kwa kuwa udongo ni mwingine. Miezi mizuri ni Juni hadi Oktoba, nyasi zikiwa fupi. Machi utaona majani tu. Ila Juni na Julai Iringa ni baridi kweli, hivyo aliyezoea joto la Dodoma abebe sweta.

Usizunguke peke yako. Nenda kwanza kwenye makumbusho, mwamkie mtunzaji, lipa kiingilio, na umwombe akutembeze nje kabla ya kukuonyesha vya ndani. Watunzaji wengi wamezoea wageni wanaotaka kuona fuvu la Mkwawa tu, kwa hiyo usipomwomba, ziara inaishia chumbani. Beba kitambulisho cha taifa, kwani kiingilio cha raia ni nafuu kuliko cha mgeni, na uwe na salio kwenye simu pamoja na fedha taslimu, maana mtandao wa malipo ukikwama utasubiri.

Kuhusu fuvu: Wajerumani walikata kichwa cha Mkwawa wakakipeleka kwao. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliagiza kirudishwe, lakini kilirudi mwaka 1954 tu. Kilichomo kwenye kabati la kioo ni sehemu ya mwili wa mtu ambaye ukoo wake upo, na makaburi ya Chifu Sapi na Chifu Adam Sapi Mkwawa, aliyekuwa Spika wa Bunge letu, yako hapo hapo. Vua kofia. Uliza kabla ya kupiga picha, na ukikatazwa usibishane. Mtu anayejipiga selfi na fuvu hilo huwa naona amekosa adabu, hata kama ameruhusiwa.

Kwihara, nje kidogo ya Tabora, ni safari ya pili na ni ndefu zaidi. Barabara ya Manyoni na Itigi imerahisisha mambo. Hili ni tembe kubwa la wafanyabiashara wa Kiarabu, ambamo Livingstone alikaa mwaka 1872 toka Februari hadi Agosti, akisubiri wapagazi ambao Stanley aliwatuma kutoka pwani. Ujue kwamba jengo unaloliona limejengwa upya baada ya lile la zamani kubomoka. Hilo halilipunguzii thamani, kwa sababu mpango wa vyumba na ua unakuonyesha jinsi umbo la tembe lilivyokuzwa likabeba ghala, wageni na msafara mzima. Ukiwa umeshaliona tembe la Wagogo, utalielewa mara moja.

Kwenye kuta za udongo popote, kagua sehemu zilizotengenezwa. Zikipigwa lipu ya simenti, udongo wa nyuma haupumui. Maji yanayopanda kutoka chini yananaswa, ukuta unavimba, na siku moja lipu inabanduka ikiwa imebeba nusu ya ukuta. Gonga taratibu kwa kidole, na ukisikia mlio wa uwazi kwa nyuma, mwambie mtunzaji. Marekebisho ya kufaa ni udongo kwa udongo, au chokaa. Usiegemee, usipande juu ya mabaki ili upate picha nzuri, na usiokote kigae cha chungu hata kimoja. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu hivyo, na kigae kilichotolewa mahali pake hakimwambii mtafiti chochote.

Tabora mjini utaliona Boma la Wajerumani, jengo zito linalovutia. Linatumiwa na jeshi, kwa hiyo simu ibaki mfukoni hata ukiwa barabarani.