Usiku fundi alipochomoa waya Lugogo

Wiki ya onyesho la Lugogo, hapa Kampala, mratibu alianza kupunguza orodha ya malipo. Alipofika kwenye jina la fundi wetu wa jukwaa akauliza, "Si mmesema kompyuta ndiyo itakayobadilisha sauti za gita? Huyu analipwa ya nini?" Shilingi 150,000 zikashuka hadi 50,000, ujira wa kubeba vyombo. Fundi ni kijana wa Bunia, Kongo, aliyekulia mtaa wa Katwe, na si mtu wa maneno mengi. Akaitikia, akaondoka na bisibisi zake mfukoni.

Mimi napiga gita la solo. Katika bendi ya namna yetu mpiga solo hatulii: unaitikia kwenye maiki ya kulia, unasogea kwa wanenguaji, unarudi, na pedali, visanduku vya kubadilisha sauti ya gita, ziko sakafuni kule kwingine. Ndiyo maana zangu zilikaa nyuma ya amplifaya, fundi akichuchumaa hapo na kuzibonyeza kwa mkono. Sauti safi yenye korasi, ile inayoifanya gita moja isikike kama kadhaa, kwenye ubeti, distosheni (sauti ya kukwaruza) kidogo pale solo inapopanda, mwangwi kwenye vipande vya polepole. Hata bendi kubwa za Marekani na Uingereza zina watu kama hao kando ya jukwaa, ila mtazamaji hawaoni.

Kiongozi wetu wa muziki, mpiga kinanda, alitaka tuachane na hayo. Laptopu yake ingetoa sauti za tarumbeta zilizorekodiwa, ingempa mpiga dramu kliki masikioni, mlio wa kumhesabia mapigo, na kila wimbo ulipofika mahali fulani ingetuma amri kwenye mashine yangu mpya ya efekti, iliyochukua nafasi ya pedali. Amri hizo hupita kwa MIDI, mfumo ambao vyombo vya muziki vimekuwa vikizungumza nao tangu 1983, na zina nafasi 128 za kuchagua sauti. Kwenye mazoezi kila sauti ilikuja ya jirani yake. Kiongozi akapekua programu nzima jasho likimtoka, hadi fundi, aliyekuwa akikunja waya pembeni, akasema, "Yaya," yaani kaka kwa lugha ya kwao, "hiyo kompyuta inahesabu kuanzia 0. Mashine ya hapa inaanzia 1." Ilikuwa hivyo kweli.

Jambo jingine lililonikera ni urefu wa waya. Wa MIDI hautakiwi kuzidi mita 15 hivi, kwa hiyo mashine ikawekwa nyuma, karibu na dramu na laptopu, nami nikabaki mbele bila hata pedali moja ya kukanyaga.

Sitaidhulumu mashine. Nusu ya kwanza ya onyesho sijawahi kusikika vizuri vile. Kuna wimbo wetu unaokwenda mapigo 120 kwa dakika, yaani pigo moja milisekunde 500, na mwangwi wangu ulikaa kwenye 375, robo tatu ya pigo kamili, ukiingia katikati ya noti zangu bila kuchelewa hata kidogo. Zamani fundi aliutafuta kwa kugonga kidole. Aliupata, lakini ulikuwa ukiteleza. Nilitabasamu peke yangu pale mbele.

Kisha ikaja sebene, sehemu ya gita za haraka ambayo watu huicheza.

Kwenye laptopu sebene ilikuwa na urefu wake uliopimwa. Lakini mji huu umelelewa na Afrigo, bendi iliyoanza 1975, na watu wake hawajazoea wimbo unaokatika wakati wao bado wanacheza. Uwanja mzima ulikuwa juu. Mwimbaji wetu akanyoosha mkono na kuzungusha kidole: endeleeni. Mpiga dramu akang'oa kliki sikioni akaongeza mwendo. Laptopu, isiyoona kidole cha mtu, ikaendelea na safari yake hadi kwenye wimbo uliofuata, ule wa polepole, na kunitumia sauti yake: mwangwi mrefu kama wa kanisani juu ya noti za haraka za sebene. Tarumbeta nazo zikalia za wimbo mwingine. Kilichotoka kwenye spika kilikuwa uji.

Nikageuka. Fundi alikuwa tayari amechomoa waya wa MIDI na kuushika kwenye meno, mkono mmoja ukitafuta sauti yangu ya sebene kwenye mashine, mwingine ukimwelekeza mtu wa miksa afunge laptopu. Sauti ikarudi. Tangu hapo alikuwa akitazama bega langu; likiinuka, distosheni inaingia. Sebene ile ilikwenda mpaka vidole vikaniuma.

Nyuma ya jukwaa kiongozi alikuwa bado anatetea kazi yake. "Nitaifanya sebene izunguke, isitoke mpaka mtu akanyage swichi."

"Na hiyo swichi atakanyaga nani?" fundi akauliza, akifuta waya kwa shati.

Kiongozi akacheka, kisha akaacha kucheka. Mratibu alipokuja na bahasha, mwimbaji ndiye aliyemkabili. Wakavutana kwa Kiganda muda mrefu. Fundi akatoka na 100,000. Mratibu alisema makubaliano ni makubaliano, na kwa upande wake hakukosea, ingawa nilitamani kumkumbusha nani aliyeliokoa onyesho lake.

Safari iliyofuata ilikuwa ya Jinja. Orodha ya malipo aliiandika kiongozi mwenyewe, na mstari wa fundi ulisomeka 200,000. Laptopu nayo tulikwenda nayo, maana wapiga tarumbeta hatuna hela ya kuwalipa.