Waliosimama pembeni wakaangalia nao waulizwe

Kila ikitokea habari ya polisi kuua mtu au kumtesa mtu lokapu, wote tunakimbilia swali moja tu, nani alipiga. Jina likipatikana na picha ikasambaa tunapiga kelele akamatwe, na akishakamatwa tunaona kazi imeisha, tunarudi kwenye mambo yetu. Mimi siku hizi swali langu la kwanza ni lingine kabisa, walikuwa wangapi pale? Nani alikuwa zamu, nani alifungua mlango wa mahabusu, nani aliendesha gari, na nani alikaa chini akashika kalamu akaandika kwamba marehemu alianguka mwenyewe. Manake mtu mmoja hawezi kumpiga mwenzake usiku kucha ndani ya kituo cha polisi na wengine wote wasisikie kitu. Kituo sio porini.

Chukua kesi ya George Floyd, mtu mweusi aliyefia mikononi mwa polisi Minneapolis, Marekani, Mei 2020, kesi ambayo kila mtu anadhani anaijua. Askari Derek Chauvin alimkandamiza goti shingoni kwa dakika 9 na sekunde 29, akahukumiwa miaka 22 na nusu, hiyo tunaikumbuka. Lakini pale chini walikuwa maaskari wanne. Thomas Lane alishika miguu, J. Alexander Kueng alikuwa kwenye mgongo, Tou Thao alisimama kuwazuia wapita njia waliokuwa wanaomba yule mtu aachwe apumue. Lane na Kueng walikuwa wageni kabisa kazini, na Chauvin ndo alikuwa mwalimu wa mafunzo ya Kueng. Lane aliuliza mara mbili kama wamlaze Floyd ubavu, akakataliwa, basi akaendelea kushika miguu. Februari 2022 mahakama ya serikali kuu ya Marekani ikawakuta wote watatu na hatia ya kumnyima Floyd haki zake kwa kutompa huduma ya kwanza, na Kueng na Thao wakaongezewa kosa la kutomzuia mwenzao. Kutomzuia! Hawakuweka goti shingoni kwa mtu, na bado wakafungwa, kwenye kesi hiyo vifungo vyao vilikuwa kati ya miaka miwili na nusu na mitatu na nusu. Kwangu mimi hiyo hukumu ni kubwa kuliko hata ya Chauvin, kwa sababu inamwambia kila askari duniani kwamba kusimama tu pale ukiangalia nako ni kitendo, utakuja kuulizwa.

Na msisahau taarifa ya kwanza ya polisi siku ile ilisemaje. Ilisema mtu amefariki baada ya tatizo la kiafya alipokuwa mikononi mwa polisi. Goti halikutajwa popote. Kama sio binti wa miaka 17 kushikilia simu yake akirekodi bila kuondoka, ile karatasi ndo ingekuwa ukweli rasmi mpaka leo.

Hapo kwenye karatasi ndo nataka tukae kidogo, kwa sababu naona watu wanaidharau sana. Kipigo kinaacha alama mwilini, daktari anaweza kuziona, lakini ripoti ya uongo ndo inaingia kwenye faili, inaenda kwa mwendesha mashtaka, inasomwa na hakimu, na miaka 20 baadaye ndo itatolewa kabatini kama ushahidi. Angalia Uingereza, maafa ya uwanja wa Hillsborough pale Sheffield tarehe 15 Aprili 1989, mashabiki wa Liverpool walibanwa wakafa, idadi leo imefika 97. Polisi wakasema walevi ndo walisababisha. Jopo huru lilipofungua mafaili mwaka 2012 likakuta maelezo 164 ya maaskari yalikuwa yamebadilishwa kwa kiasi kikubwa, na kwenye 116 kati ya hayo yaliondolewa au yakabadilishwa maneno yaliyokuwa yanawaonyesha polisi vibaya. Hebu fikiria hapo, kuna maaskari wa kawaida kabisa waliandika ukweli siku zile, waliandika kwamba uongozi ulishindwa kazi, afu maelezo yao yakarudi yamekatwa. Mwaka 2016 jopo la raia waliochaguliwa na mahakama kusikiliza uchunguzi wa vifo likasema wale watu waliuawa kinyume cha sheria na mashabiki hawakuwa na kosa. Halafu 2021 kesi dhidi ya maofisa wawili wastaafu na wakili mmoja kuhusu yale maelezo ikaanguka, jaji alisema maelezo yalikuwa ya kupelekwa kwenye uchunguzi wa umma uliokuwa hauna hadhi ya mahakama, kwa hiyo kuyabadilisha hakukuwa kosa la kuvuruga haki. Familia zimesubiri miaka 32 kusikia hivyo. Ndo sababu wanapigania sheria ya kumlazimisha mtumishi wa umma kusema ukweli wote kwenye uchunguzi, na muswada wake uliwasilishwa bungeni Septemba 2025.

Kuna wanaosema ah, hao ni wachache wabovu, msiwachafue wote. Mimi sichukii polisi, naomba nieleweke, nawajua wanaofanya kazi ngumu kwa uaminifu na usiku mtu akivunjiwa mlango ni wao anaowapigia. Lakini ukisema ni wachache basi nijibu hili, hao wengi wazuri walikuwa wapi siku ile? Kwa sababu mbovu mmoja akiwa na wenzake kumi wanaomfunikia, wewe uliyeko mahabusu unakutana na watu kumi na moja.

Kesi ya Kenya ya wakili Willie Kimani inaniuma kuliko zote. Mteja wake, Josephat Mwenda, alikuwa mwendesha bodaboda aliyepigwa risasi na askari, akafanya kile ambacho sisi wote tunaambiwa tufanye, akapeleka malalamiko kwenye mamlaka huru ya kusimamia polisi. Matokeo yake akaanza kubambikiwa kesi. Tarehe 23 Juni 2016 wakitoka mahakamani Mavoko, Kimani, Mwenda na dereva wao wa teksi Joseph Muiruri wakatekwa, wakafungiwa kwenye kambi ya polisi Syokimau, na baadaye miili yao ikapatikana mtoni Ol Donyo Sabuk. Wakiwa ndani mle Kimani aliandika ujumbe wa kuomba msaada kwenye kipande cha karatasi ya chooni akakirusha nje, na mpita njia akakiokota, kikaja kuwa sehemu ya ushahidi. Mpita njia! Kambini kuna maaskari, kuna zamu, kuna kitabu cha kuandika nani kaingia nani katoka, lakini aliyebeba ujumbe ni raia aliyekuwa anapita zake. Februari 2023 mahakama kuu ikamhukumu askari mmoja kifo, wengine wawili miaka 30 na 24, na raia aliyekuwa mtoa habari wao miaka 20. Haki ilipatikana, nashukuru, ila ilichukua karibu miaka saba na ilihitaji watu watatu wafe ili kosa la kwanza, ile risasi ya Mwenda, lichukuliwe kwa uzito.

Sheria kwenye karatasi mbona zipo. Kanuni za Umoja wa Mataifa za maadili ya polisi za mwaka 1979 zinasema askari akiwa na sababu ya kuamini kwamba kanuni zimevunjwa au zinakaribia kuvunjwa lazima aripoti. Mkataba wa kupinga utesaji wa 1984 unasema amri ya mkubwa haiwezi kuwa utetezi. Sheria ya polisi ya Kenya ya 2011 nayo inasema hivyo hivyo kuhusu kutumia nguvu. Tatizo ni kwamba unaripoti kwa nani? Kwa mkuu wa kituo ambaye ndo aliamuru, afu uchunguzi unafanywa na ofisi ya jirani ambao walisoma chuo kimoja. Kesi ya nyani unampelekea ngedere.

Na anayethubutu kufanya kile sheria inasema anaumia yeye. Cariol Horne alikuwa polisi wa Buffalo, New York. Mwaka 2006 alimuona mwenzake amemkaba shingo mtu aliyekuwa amefungwa pingu, akaingilia akamtoa. Uchunguzi wa ndani ukamgeukia yeye, 2008 akafukuzwa kazi akiwa amebakiza muda mfupi afikishe miaka 20 ya kupata pensheni kamili. Yule aliyekaba akaendelea kuvaa sare, na baadaye alikuja kukutwa na hatia ya kutumia nguvu kupita kiasi kwa vijana waliokuwa wamefungwa pingu pia. Mji ukapitisha sheria yenye jina la Horne mwaka 2020, na 2021 jaji akafuta uamuzi wa awali uliokubali afukuzwe na kumrudishia pensheni. Miaka 13 mama wa watu anahangaika kwa sababu alifanya kazi yake. Maaskari wangapi Buffalo waliona hiyo wakajifunza kunyamaza? Ndo maana nikisikia serikali inasema tutatoa mafunzo ya haki za binadamu kwa polisi sifurahi sana, wanajua tayari kwamba kukaba mtu mwenye pingu ni kosa. Wanachotaka kujua ni kama wakisema watabaki na mshahara.

Kwa hiyo mkidai uwajibikaji daini na haya. Askari aliyezuia mwenzake alindwe na sheria yenye meno, sio barua ya pongezi. Maelezo ya kila askari aliyekuwepo yaandikwe mapema, kila mtu peke yake, na nakala ya kwanza isiguswe na mkubwa yeyote. Kamera za kituo zisishikwe na kituo chenyewe, kwa sababu kamera ambayo mtuhumiwa ndo ana ufunguo wake haina faida kwa marehemu. Na uhamisho usihesabiwe kama adhabu, askari mkatili ukimhamisha umewapelekea watu wengine tu. Familia nazo, msiishie kwenye jina moja, ombeni orodha ya zamu nzima, ombeni kitabu cha matukio cha usiku ule, daktari aandike majeraha yote mapema kabla hayajapona.

Na kama wewe unayesoma ni askari, au ulikuwa askari umestaafu, naomba unisikilize. Chicago kuna kamanda aliitwa Jon Burge, yeye na watu wake waliwatesa wanaume weusi zaidi ya 100 kuanzia mwaka 1972 mpaka 1991, kwa umeme, kwa kuwaziba pumzi kwa mifuko, mpaka wakiri makosa, na wengine waliishia kuhukumiwa kifo. Kilichosaidia kufungua ile kesi ni barua zisizo na jina walizoanza kupokea mawakili mwaka 1989 kutoka kwa mtu wa ndani ya polisi, aliyewaambia watafute nani na kina nani wengine waliteswa. Burge alifukuzwa kazi 1993, muda wa kumshtaki kwa mateso yenyewe ukapita, ila 2010 akakutwa na hatia ya kudanganya chini ya kiapo kuhusu mateso hayo, akafungwa miaka minne na nusu, na 2015 jiji likakubali kulipa waathirika dola milioni 5.5. Ilianza na mtu mmoja aliyeijua zamu ile akaamua kuandika. Wewe nawe unaijua zamu yako, unajua nani aliitwa ofisini kubadilisha maelezo na karatasi ya kwanza iko wapi, na kuna mama anapanda na kushuka mahakamani kila tarehe ikitajwa, hajui hata jina la kumuulizia mwanawe. Tafuta wakili au mtetezi wa haki unayemwamini umpe.