Hoteli ya kifahari, huduma ya kubahatisha

Tumerudi kutoka mapumziko ya familia kwenye hoteli moja ya kifahari ya ufukweni, na bado sijui niisifu au niilalamikie. Mandhari? Usiulize. Bwawa la watoto lina kina kifupi na mwangalizi habanduki pale, kwa hiyo mimi na mume wangu hatimaye tulimaliza mazungumzo bila kukatizwa.

Mapokezi ndiyo yaliyotuchosha. Tulilipia vyumba viwili vyenye mlango wa kupitia katikati. Tukapewa vya ghorofa tofauti, eti "mfumo ndio uliopanga". Sasa watoto wadogo walale peke yao ghorofa nyingine? Meneja akatabasamu tu. Aliyetuokoa ni dada wa usafi. Alijua vyumba gani vimeachwa wazi asubuhi ile, akapiga simu mwenyewe, na haikupita saa tukahamishwa.

Bili ya mwisho nayo ilikuwa na vinywaji vya kwenye friji ambavyo hatukuvigusa. Waliviondoa bila ubishi, lakini jamani, kagueni bili kabla ya kurudisha funguo. Yule dada tulimwandikia barua ya pongezi, tukamkabidhi meneja yuleyule mkononi.