Mnara Mwekundu Kutoka Kwenye Pantoni

Nilivuka kwenda Kigamboni alfajiri, bila shida yoyote na Kigamboni. Nilivuka ili nigeuze na pantoni linalorudi, kwa sababu picha niliyoitaka haipigiki ukiwa upande wa mjini.

Kanisa la Kilutheri la Azania Front, katikati ya Dar es Salaam, ambalo Wajerumani walianza kulijenga mwaka 1898, nimelipiga picha mara nyingi. Ukilisogelea na kuinua kamera ili uupate msalaba, kuta zinalala, mnara unaonekana kama unaanguka chali. Ukirudi nyuma uko barabarani, honi zinakufukuza. Na maghorofa ya vioo nilikuwa nayakwepa makusudi: nabana huku, nakata kule, kanisa libaki peke yake. Picha zilitoka safi. Siku moja rafiki yangu akaitazama moja, akauliza, "Hili liko mji gani?" Swali lile lilinikaa.

Pantoni la kurudi lilijaa bodaboda, baiskeli za magunia ya mkaa na watu wanaowahi kazini. Nikabana ukingoni upande wa kushoto, jua likiwa mgongoni. Mji ukajipanga wenyewe: maji, ngalawa mbili, mstari wa miti, paa la vigae vyekundu, halafu maghorofa yamesimama nyuma kama watu wazima nyuma ya bibi aliyeketi. Mnara haukuyafikia hata nusu, lakini jicho lilikwenda kwake kwanza. Wekundu ule unahitaji kijivu kile cha nyuma. Nami miaka yote nilikuwa nakikata!

Dar es Salaam ilifikiwa kwa bahari. Hata Boma la Kale, jengo la enzi za Sultani Majid wa Zanzibar, limeitazama bandari, na kuta zake ni za mawe ya matumbawe. Ndiyo maana ukiwa majini majengo haya yanakutazama usoni.

Mama mmoja mwenye ndoo tupu, anakwenda Feri kuchukua samaki, alichungulia kioo cha kamera.

"Mwanangu, unapiga kanisa?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona mti umeukata? Pale ndipo tunapojikinga jua tukisubiri gari, Posta ya Zamani."

Nikamshukuru. Pantoni lilikuwa limeanza kupunguza mwendo. Nikashusha kamera kidogo, mti ukaingia na kivuli chake chote.