Masizi ya kibatari kwenye kilengeo cha gobore
Wenye magobore hapa Tanga, asubuhi jua likitoka baharini nawe umeelekea kaskazini, kilengeo cha mbele, kile kinundu cha kulengea kwenye ncha ya mtutu, hung'aa upande wa kulia. Jicho hudhani penye mng'ao ndipo katikati, risasi inakwenda kushoto. Usikimbilie kukigonga kilengeo ili kukisogeza. Jioni, jua likiwa upande wa pili, risasi itakwenda kulia!

Dawa ni masizi. Kwanza hakikisha gobore halina baruti wala fataki, na akiba ya baruti iwe mbali kabisa na moto. Futa mafuta kwa spiriti, iache ikauke, maana penye mafuta masizi hayatulii. Kishikilie kilengeo kwenye ncha ya mwali wa kibatari sekunde chache, ukigeuzageuza mpaka kiwe cheusi tii. Baada ya hapo usikiguse, kidole kimoja tu kinayafuta yote.