Kamera isiyo na zuum, na wale walioniambia nitajuta

Wadau nimechoka kuambiwa eti kamera ndogo ya lenzi moja ni ya watalii, eti picha ya mtu bila lenzi ya 85mm, ile ya kuvuta karibu, ni kupoteza muda. Mimi natumia Fujifilm X100F, ile ya 2017, niliichukua ikiwa imeshatumika na bei ilikuwa mbali kabisa na ya mpya, na sasa hivi karibu picha zote za ndugu na jamaa zinatoka humo. Lenzi ni 23mm f/2 (mm ikiwa ndogo inaona pana; f ni tundu la mwanga, namba ndogo tundu kubwa), kwa mtazamo ni sawa na 35mm kwenye kamera kubwa za full-frame, na ndiyo hiyohiyo, huibadilishi.

Ushauri ulioniudhi kuliko yote ulitoka kwa jamaa mmoja anayejiita mtaalamu: lenzi pana inataka usogee, mjaze mtu kwenye fremu. Haya. Nikamkalisha shangazi yangu, kajifunga kilemba chake kizuri, nikamsogelea mpaka nasikia anavyohema, apacha, yaani hilo tundu, nimefungua yote f/2 maana niliambiwa hapo ndipo nyuma panapofifia. Picha kuja, pua imetangulia, masikio yamekimbilia nyuma, halafu ukungu fulani umetanda usoni mzima hata kope huzioni vizuri. Shangazi akaichukua kamera, akaitazama weee, akaniuliza "mwanangu, hii pua ya nani?" Nikakosa jibu.

Sasa sikilizeni. Ule ukungu ni tabia ya lenzi ile ikiwa f/2 na kitu kiko karibu sana, ndiyo maana kwenye X100V ya 2020 waliibuni upya. Funga mpaka f/4 tu ukungu unaondoka, kope zinahesabika. Na pua haikuzwi na lenzi jamani, inakuzwa na UMBALI. Nikarudi nyuma kama mita mbili hivi, nikapiga, nikaja kukata picha kwenye kompyuta, uso ukatulia mahali pake. Megapikseli ziko 24, ukikata ionekane kama 50mm zinabaki karibu 12, ukitaka ya 85mm hiyo mnayoiabudu zinabaki kama 4, na kwa picha ya kuweka kwenye simu 4 zinatosha na chenji inabaki. Sura haibadiliki kwa kukata kwa sababu wewe hujasogea. Ila mtu usimweke pembeni mwa fremu, kichwa kitavutika, muweke katikati.

Lakini kinachonifanya nitembee kifua mbele ni flashi mchana. Kila mtu anasema saa saba jua kali usipige watu, subiri jioni. Mimi ndiyo muda wangu. Shata ya kamera hii, lile pazia linalofunguka kuingiza mwanga, iko ndani ya lenzi yenyewe, kwa hiyo flashi inakubali hata kwenye 1/1000 ya sekunde, wakati kamera nyingi za kubadilisha lenzi kwa flashi ya kawaida zinagoma zikipita 1/200 au 1/250 hivi. Namgeuza mtu alipe jua mgongo, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 200, f/8, 1/1000, naweka flashi ndogo juu nasogea hatua moja mbili. Spidi inakata mwanga wa jua lakini mwako wa flashi ni mfupi kuliko hata hiyo shata, kwa hiyo wenyewe unapita karibu wote. Anga linabaki bluu nzito na mawingu yake, uso unang'aa, nywele zimezungukwa na uzi wa mwanga. Watu huwa wanauliza nimehariri na programu gani. Kuna kichujio cha ndani cha kupunguza mwanga hatua 3, yaani unabaki moja ya nane, hicho hapo usikiwashe, kinakula na flashi pia. Kiache kwa picha za maji yanayotiririka, kamera ikiwa juu ya tripodi.

Mandhari haina maneno mengi. f/8, fokasi naiweka kwa mkono kama mita tatu na nusu, kuanzia karibu mita mbili mpaka upeo wa macho vyote vimetulia, na wale wa kufunga f/16 wanajiharibia wenyewe, picha inaanza kulegea. Mlima ukikataa kuingia kwenye fremu naisimamisha kamera wima, napiga kadhaa kutoka kushoto kwenda kulia kila moja ikilalia theluthi ya mwenzake, mwanga nimeufunga usibadilike, kompyuta inaziunga. Jiwe au kichaka cha mbele usikisahau, bila hicho mlima unakuwa kijilima cha huruma huko mwisho.

Kinachoniudhi ni betri, ukitumia kioo cha kuchungulia cha elektroniki inaisha ukiwa bado hujachangamka, kwa hiyo natembea na mbili za ziada mfukoni na kile cha elektroniki nakiwasha nikimpiga mtu wa karibu tu, maana kile kingine cha kuona moja kwa moja, bila umeme, hapo kinakudanganya kidogo mipaka ya fremu.