Mankell kwa Anayejifunza Kiswidi: Aanzie Kitabu Gani

Ukiingia maktaba yoyote ya Uswidi, kwenye rafu ya deckare, yaani riwaya za upelelezi, utamkuta Henning Mankell. Kwa Mwafrika Mashariki aliyemaliza kozi ya D ya SFI, yaani ngazi ya mwisho ya masomo ya Kiswidi kwa wahamiaji, na anatafuta riwaya yake ya kwanza ya Kiswidi, sioni wa kumzidi. Vitabu vyake vimeuza zaidi ya nakala milioni 40, lakini hilo si hoja. Hoja ni kwamba mpelelezi wake, Kurt Wallander, alizaliwa kwa sababu ya wageni kama sisi.

Mankell alizaliwa Stockholm mwaka 1948, akalelewa Sveg, mji mdogo wa misituni. Mama aliondoka mtoto akiwa bado mchanga. Baba alikuwa hakimu, na familia iliishi juu ya mahakama. Akiwa na miaka 16 aliacha shule, akaenda kufanya kazi melini. Riwaya yake ya kwanza, Bergsprängaren (1973), inamhusu mfanyakazi wa kulipua miamba, polisi hawamo. Baadaye aliishi Zambia, na kuanzia 1986 akaongoza Teatro Avenida, ukumbi wa maigizo jijini Maputo, vita vya Msumbiji vikiwa bado vinaendelea. Tangu hapo maisha yake yakawa ya huku na kule.

Aliporudi Uswidi mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuta chuki dhidi ya wageni imeota mizizi. Alitaka kuiandika, na kwa kuwa aliihesabu kuwa jinai, akahitaji polisi. Jina Wallander alilipata kwenye kitabu cha simu.

Matunda yake ni Mördare utan ansikte (1991). Wazee wawili wanavamiwa shambani kwao karibu na Ystad, mji wa kusini mwa Uswidi, na bibi anatamka neno la kuashiria wageni kabla ya kukata roho. Siri inavuja kwa waandishi wa habari. Kambi ya wakimbizi inachomwa moto, kisha Msomali asiyehusika kabisa anauawa. Riwaya hiyo ndiyo ya kwanza kutunukiwa Glasnyckeln, tuzo ya riwaya za upelelezi za nchi za Nordiki.

Anza na hiyo. Wengi hukosea kwa kuanza na Pyramiden kwa kuwa inasimulia ujana wa Wallander. Ilitoka 1999, baada ya riwaya nane, na utamu wake ni kwa anayemjua tayari. Den orolige mannen (2009) iwe ya mwisho kabisa, maana inafunga hesabu zote. Ukisoma kwa Kiingereza, usifuate mwaka wa tafsiri: Villospår ya 1995 ilitafsiriwa kabla ya Hundarna i Riga ya 1992, na wasomaji wakajikuta wanakutana na matokeo kabla ya chanzo. Den vita lejoninnan, yenye njama ya kumuua Mandela, ina Afrika ndani yake, lakini ni ndefu kupita kiasi. Isiwe ya kwanza.

Sentensi zake ni fupi na mahojiano ni mengi, hivyo maneno kama anmälan (taarifa ya kosa kwa polisi), förhör (mahojiano) na vittne (shahidi) yanajirudia mpaka yanakaa kichwani. Ni maneno hayo hayo utakayoyakuta kwenye barua za polisi na mahakama. Soma sura nzima kwanza, kamusi baadaye. Ukisimama kila neno, hadithi inakufa mkononi.

Mankell alitangaza mwaka 2014 kuwa ana saratani, akaiandika waziwazi, akafariki Göteborg Oktoba 2015. Wanaomjua kwa Wallander peke yake wanakosa kitabu kinachotugusa kwa karibu: Jag dör, men minnet lever (2003), kuhusu wazazi wa Uganda wenye UKIMWI wanaowaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu. Ni kifupi. Kisipokuwepo kwenye tawi lako, mwombe mkutubi akiagize kwa fjärrlån kutoka maktaba nyingine.